Kusoma Udongo Pasipo Magofu: Mafunzo ya Uwandani ya Akiolojia na Uandishi wa Historia ya Pwani kati ya Mkiu, Bungu na Kibiti

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya mafunzo ya uwandani ya wanafunzi wa akiolojia katika uandishi wa historia ya Pwani ya Tanzania, kwa kuangalia ukanda unaoanzia Mkiu, kupitia Bungu, hadi Kibiti na delta ya Rufiji. Hoja kuu ni kwamba mafunzo hayo, yaliyopata msingi baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzisha kitengo cha akiolojia mwaka 1985, yalichangia kubadili swali la asili ya jamii za Pwani kwa sababu yaliwapeleka wanafunzi katika maeneo yasiyo na magofu ya mawe. Makala inaeleza stadi zinazopatikana uwandani, inaonesha namna mijadala ya kitaaluma kuhusu Limbo na Mkukutu inavyozitegemea stadi hizo, na inajadili hatari inayoyakabili mahame ya Bungu na Kibiti iwapo mafunzo hayo yatafupishwa au yatatengwa na wanavijiji.

1. Utangulizi

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa hupita Mkuranga, Kimanzichana na Jaribu kabla ya kufika Bungu, kata ya Wilaya ya Kibiti iliyo kando ya barabara kuu. Kutoka ukanda huo barabara nyingine huelekea mashariki hadi Nyamisati, bandari ya vyombo vinavyokwenda Mafia. Upande wa kusini ni Kibiti, na baada ya hapo nchi huteremka kuelekea bonde la Mto Rufiji. Katika safari hiyo msafiri haoni kando ya barabara msikiti wa kale wa mawe wala kaburi lenye mnara. Anachoona ni mikorosho, minazi, miembe, mashamba ya mihogo na nyumba za vijiji vilivyo hai.

Kutokuonekana huko kumekuwa na athari katika historia iliyoandikwa. Delta ya Rufiji imetajwa zaidi kwa matukio yaliyoacha alama kubwa au kumbukumbu nyingi za maandishi: biashara ya boriti za mikoko, Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 katika nchi ya Wamatumbi kusini mwa mto, na kuzamishwa kwa manowari ya Kijerumani Königsberg mwezi Julai 1915. Maisha ya wakulima, wavuvi na wafua chuma walioishi hapa kabla ya karne hizo hayakuacha hati. Yaliacha vigae, mavi ya chuma, makaa na udongo uliobadilika rangi. Ushahidi wa namna hiyo hauwezi kusomwa na mtu ambaye hakufundishwa kuusoma, na ufundi wa kuusoma haupatikani darasani peke yake.

Kwa sababu hiyo, swali la jinsi mwanafunzi anavyopata stadi za uwandani ni swali la kihistoria kabla ya kuwa suala la mtaala. Makala hii inaanza kwa kueleza hali ilivyokuwa kabla ya mafunzo hayo kuanzishwa nchini, kisha inafuatilia mafunzo yenyewe, stadi zake, matokeo yake katika mijadala ya kitaaluma, na umuhimu wake kwa Bungu ya leo.

2. Pwani iliyosomwa kupitia mawe

Uchunguzi wa kiakiolojia wa Pwani ya Afrika Mashariki ulianzia kwenye majengo. Nchini Kenya, James Kirkman alianza kuchimba mji wa Gedi mwaka 1948. Tanganyika iliunda Idara ya Mambo ya Kale mwaka 1957, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Neville Chittick, ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki. Uchimbaji wa Chittick huko Kilwa Kisiwani, uliofanyika kwa misimu kadhaa, ulichapishwa katika juzuu mbili mwaka 1974. Thamani ya kazi hiyo haina shaka. Iliweka mfuatano wa vipindi vya mji, ikapanga sarafu na vyombo vilivyoagizwa kutoka ng'ambo, na ikawa rejea ya kila mtafiti aliyefuata.

Hata hivyo, uteuzi wa mahali pa kuchimba ulikwisha kubeba sehemu ya jibu. Mtafiti aliyekwenda penye misikiti na majumba ya mawe alikutana na Uislamu, biashara ya bahari na bidhaa za mbali, na kutokana na hayo ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba miji ilianzishwa na wageni kutoka Uajemi au Uarabuni. Nyumba za miti na udongo, ambamo watu wengi wa Pwani waliishi hata ndani ya miji yenyewe, zilipata nafasi ndogo. Mwaka 1999 Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette waliandika juu ya tatizo hilo wakisisitiza kwamba wengi hao wasioonekana wanahitaji mbinu zao za kutafutwa.

Hali hiyo iliambatana na mgawanyo wa kazi. Wataalamu wachache, wengi wao kutoka nje, waliamua mahali pa kuchimba, wakachora na kuandika. Vibarua kutoka vijiji jirani walichimba, wakabeba na kuchekecha udongo. Haitakuwa sahihi kusema kwamba vibarua hao hawakuwa na ujuzi. Mfano unaojulikana zaidi ni Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyeanza kufanya kazi na familia ya Leakey mwaka 1960 bila elimu ya chuo kikuu, akawa miongoni mwa wagunduzi hodari wa visukuku duniani. Mwaka 1984 ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule anayeitwa Kijana wa Turkana. Macho yake yalifunzwa na kazi yenyewe. Lakini mfumo wa wakati huo haukuwa na njia ya kawaida ya kumvusha mtu wa namna yake kutoka kwenye ugunduzi hadi kwenye uandishi na uamuzi wa swali la utafiti. Kuona na kuandika vilibaki mikononi mwa watu tofauti.

Dalili kwamba historia ya kale zaidi ya Pwani ilikuwa mbali na magofu zilikuwapo mapema. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alichunguza vyungu vya Zama za Chuma za Mwanzo huko Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, na jina la mahali hapo likatumika kwa aina nzima ya vyungu vya wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Kilichokosekana ni watu wa kutosha wenye ujuzi wa kutembea nyuma ya fukwe, katika mashamba na vichaka, wakitafuta vyungu vya namna hiyo.

3. Kitengo cha akiolojia na mafunzo ya uwandani

Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha akiolojia ndani ya Idara ya Historia. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Peter Schmidt, aliyekuwa amefanya utafiti wa muda mrefu juu ya teknolojia ya chuma na mapokeo ya simulizi huko Buhaya. Kuanzishwa kwake ndani ya Idara ya Historia kulikuwa na maana: wanafunzi walitarajiwa kuuliza maswali ya kihistoria na kuyajibu kwa ushahidi wa ardhini. Kitengo hicho ndicho chimbuko la Idara ya Akiolojia na Mafunzo ya Urithi ya sasa.

Mwaka 1987 na 1988 chuo kiliendesha mafunzo ya uwandani yaliyolenga uhusiano wa Pwani na bara yake. Eneo la Mkiu, katika iliyokuwa Wilaya ya Kisarawe na sasa Mkuranga, lilikuwa miongoni mwa yaliyochunguzwa. Ripoti zilizotoka kati ya 1989 na 1992 zilionesha makazi ya Zama za Chuma katika nchi ambayo hapo awali haikuwa na nafasi kubwa katika ramani ya akiolojia ya Pwani. Majina ya waandishi wa ripoti hizo yanaeleza jambo jingine pia. Pamoja na Schmidt, LaViolette na William Fawcett, wamo Watanzania, akiwemo Audax Mabulla, ambaye baadaye alikuwa profesa na Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa. Mgawanyo wa kale kati ya wanaochimba na wanaoandika ulianza kuvunjwa pale pale uwandani.

Chaguo la Mkiu lilikuwa na matokeo ambayo chaguo la gofu maarufu lisingeyapata. Penye ukuta wa msikiti, mwanafunzi hupewa jibu la kwanza na ukuta wenyewe: anajua palikuwa na watu, anajua mwelekeo wa jengo, na anakisia umri wake. Katika shamba la mikorosho hana msaada huo. Analazimika kuthibitisha kwanza kwamba watu waliishi hapo, kisha mipaka ya makazi yao, kisha wakati wao. Kila hatua inahitaji mbinu, na kila mbinu inapaswa kuandikwa ili mwingine aweze kuipima. Kwa namna hiyo mahali pagumu palikuwa shule bora.

4. Stadi zenyewe

Stadi ya kwanza ni kutembea. Wanafunzi hujipanga katika mstari, kila mmoja kwa umbali uliopimwa kutoka kwa mwenzake, na kusonga mbele wakiangalia ardhi. Kazi hii huonekana nyepesi hadi mtu anapotakiwa kutofautisha kigae cha kale na kipande cha chungu kilichovunjika mwaka jana, au jiwe lenye kutu na mavi ya chuma yaliyotoka katika tanuri. Mwanafunzi hujifunza pia kwamba kutokuona si uthibitisho wa kutokuwapo. Shamba lililolimwa huonesha vigae. Majani marefu huvificha. Kwa sababu hiyo hali ya ardhi huandikwa pamoja na kilichopatikana, na mahali pasipoonesha kitu juu huchimbwa mashimo madogo ya majaribio.

Stadi ya pili ni kuchimba kwa utaratibu. Mraba hupimwa kwa kamba na mambo, pembe zake huhakikiwa, na kina chote hupimwa kutoka sehemu moja iliyowekwa kwa pima maji. Udongo huondolewa kwa mwiko mdogo, safu kwa safu, na kuchekechwa. Kila mfuko wa vigae, mifupa au makaa hubeba lebo yenye jina la eneo, namba ya shimo, tabaka, kina na tarehe. Lebo hiyo ndogo ndiyo inayofanya kigae kuwa ushahidi. Mfuko uliopoteza lebo hubaki na vitu vya kale ambavyo haviwezi tena kueleza vilivyokuwa jirani navyo, juu yake au chini yake.

Hapo ndipo uzito wa mafunzo haya ulipo. Mwanahistoria akisoma hati vibaya, hati hubaki kwenye nyaraka na mwingine anaweza kuisoma upya. Mchimbaji akiondoa tabaka hawezi kulirudisha. Uchimbaji ni kusoma kitabu ambacho ukurasa wake unaharibika unapofunuliwa, na kinachobaki ni maelezo, michoro na picha za msomaji huyo mmoja. Mwanafunzi anayechora upande wa shimo, akitenganisha mchanga mwepesi wa juu na udongo mweusi wa makazi uliopo chini yake, anatengeneza hati ambayo vizazi vijavyo vitaitegemea badala ya ardhi yenyewe.

Stadi ya tatu ni kazi ya baada ya kuchimba: kuosha vigae, kuviandika namba, kutenganisha midomo, shingo na matumbo ya vyungu, kupima unene na kuchora mapambo. Vyungu vya mtindo wa Kwale hutambulika kwa midomo iliyonyooshwa na kuwekewa mifuo. Vyungu vya kipindi kinachofuata, ambavyo vilienea Pwani takribani kati ya karne ya 6 na ya 9, hutambulika kwa pembetatu zilizochanjwa karibu na shingo. Tofauti hizo husomwa vitabuni kwa dakika chache. Kuziona katika maelfu ya vipande vilivyomeguka huchukua wiki nyingi za kukaa mezani pamoja na mtu anayezijua.

Stadi ya nne haipewi nafasi kubwa katika vitabu vya mbinu, ingawa katika vijiji vya Tanzania ndiyo inayotangulia zote. Ni kuingia kijijini kwa adabu. Utafiti huhitaji kibali, na uchimbaji huhitaji leseni kutoka mamlaka ya mambo ya kale chini ya sheria ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Barua hupita mkoani na wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, lakini barua peke yake haimwambii mwenye shamba kwa nini wageni wanataka kuchimba chini ya mkorosho wake. Mwanafunzi hulazimika kueleza kazi yake kwa Kiswahili kinachoeleweka, kujibu wasiwasi kwamba anatafuta madini au mali ya Wajerumani, na kuwaamkia wazee kabla ya kuwauliza. Wazee ndio wanaojua yalipo mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Neno hilo moja la Kiswahili limebeba ramani ambayo hakuna idara iliyowahi kuichora.

Katika Rufiji, hata mahame yanahitaji kupambanuliwa. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde kwenda kwenye vijiji vya nchi ya juu. Makazi yaliyoachwa wakati huo yana miembe, mafiga na vigae vyake. Aidha, mto wenyewe umebadili njia mara nyingi na kufunika maeneo ya kale kwa matope yake. Mwanafunzi anayepewa jina la hame anapaswa kuuliza ni la kizazi gani, nani alihama na kwa sababu gani, kisha kulinganisha majibu na ardhi. Simulizi na mwiko hufanya kazi pamoja.

5. Kutoka Limbo hadi Mkukutu

Matokeo ya kuigeukia nchi isiyo na magofu yanaonekana wazi katika kazi ya Felix Chami. Mwaka 1988 aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, tasnifu ya uzamili juu ya eneo la Zama za Chuma za Mwanzo katika Wilaya ya Kisarawe, na mwaka 1992 alichapisha makala kuhusu Limbo, mahali palipokuwa na uyeyushaji wa chuma. Tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1994, iliyotolewa Uppsala nchini Sweden, ilishughulikia pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza baada ya Kristo.

Hoja yake ilijengwa juu ya mfuatano wa vyungu. Alidai kwamba kutoka vyungu vya wakulima wa Zama za Chuma za Mwanzo hadi vile vya pembetatu zilizochanjwa kuna kipindi cha mpito, alichokiita awamu ya Mwangia, na kwamba vyungu vya pembetatu ndivyo vinavyopatikana katika tabaka za chini za makazi ya mwanzo ya Pwani. Ikiwa mfuatano huo ni sahihi, basi jamii za Pwani zilitokana na wakulima na wafua chuma waliokuwa wakiishi nyuma ya fukwe hizo hizo. Wageni wa bahari walikuta watu, wakafanya nao biashara na kuoana nao. Hawakuanzisha jamii mahali patupu.

Mark Horton, aliyechimba Shanga katika funguvisiwa la Lamu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1996, alikubaliana kwamba chanzo kilikuwa cha Kiafrika, lakini aliita vyungu hivyo kwa jina la Mto Tana na kuipa historia ya kaskazini uzito zaidi, ikiwemo nafasi ya wafugaji. Ubishani huo ulikuwa mkali. Hata hivyo, msingi wa mazungumzo ulikuwa umebadilika. Swali la kama Waafrika walianzisha jamii za Pwani lilipisha swali la Waafrika gani, kutoka wapi, na kwa njia zipi.

Mwaka 1999 Chami alichapisha taarifa kuhusu shanga zilizopatikana Mkukutu, karibu na Kibiti, ambazo alizihusisha na ulimwengu wa Roma. Umuhimu wake ulitokana na maandishi ya kale. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo unaitaja Rhapta kuwa bandari ya mwisho ya pwani hii, na mwanajiografia Ptolemy anataja mto wenye jina linalofanana. Kwa muda mrefu wataalamu wamekisia kwamba Rhapta ilikuwa mahali fulani kati ya Pangani na Rufiji, na Chami ametetea upande wa Rufiji.

Tafsiri zake kuhusu biashara hiyo ya mapema hazikukubaliwa na wote, na mjadala huo ni somo zuri kwa mwanafunzi. Shanga ni kitu kidogo. Inaweza kushuka katika tundu la panya au shimo la mzizi, inaweza kusukumwa na jembe, na inaweza kuvaliwa kwa vizazi kadhaa kabla ya kupotea. Thamani yake kama ushahidi haitokani na uzuri wake wala umbali ilikotoka. Inatokana na tabaka ilimolala, vigae vilivyokuwa pamoja nayo, makaa yaliyopimwa umri, na uaminifu wa mtu aliyeandika lebo siku ile. Mtu anayetaka kumuunga mkono au kumpinga Chami hana budi kurudi kwenye kumbukumbu hizo. Kwa hiyo historia pana ya Bahari ya Hindi, yenye Roma, Misri na Uarabuni, inaning'inia kwenye kazi ya mikono iliyofanyika katika mraba wa ardhi karibu na Kibiti.

6. Uwanda na makumbusho

Mafunzo ya mwanafunzi hayaishii shimoni. Baadhi ya wanafunzi hufanya mafunzo kwa vitendo katika taasisi kama Makumbusho ya Taifa, na kazi ya huko ina tabia yake. Uwandani mwanafunzi hufanya kazi katika kundi, chini ya mwalimu. Makumbusho humkabidhi rafu, daftari la kumbukumbu na mifuko iliyojazwa na watu wengine miaka mingi iliyopita. Hapo ndipo anapoelewa kwa nini mwalimu wake alisisitiza lebo, kwa kuwa sasa yeye ndiye msomaji anayeitegemea.

Uhusiano wa taasisi hizo mbili umekuwa na tija katika akiolojia ya Pwani. Paul Msemwa, aliyeandika tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1994 juu ya ukusanyaji wa viumbe wenye magamba katika pwani ya Dar es Salaam, na aliyefanya kazi Makumbusho ya Taifa, alichapisha pamoja na Chami mwaka 1997 makala kuhusu utamaduni na biashara katika pwani hii ya kale. Utafiti wake wa uzamivu unaonesha aina nyingine ya ujuzi wa vitendo: kuwatazama watu wa leo wakikusanya, wakibeba na kutupa makombe, ili kuelewa lundo la makombe lililoachwa na watu wa kale. Mwanafunzi aliyekulia pwani, ambaye mama yake alikwenda kuokota chaza maji yakipwa, huingia katika somo hilo akiwa na mtaji tayari.

7. Bungu ya leo

Kati ya Mkiu na Limbo upande wa kaskazini, na Mkukutu upande wa kusini, Bungu iko katikati ya nchi ambayo tayari imethibitishwa kuwa na historia ndefu. Wakati huo huo ni nchi inayobadilika haraka. Kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003 kuliondoa kikwazo cha kivuko cha Rufiji na kuongeza safari katika barabara ya kusini. Mabomba ya gesi kutoka kusini kwenda Dar es Salaam yamepita katika ukanda huu. Kuundwa kwa Wilaya ya Kibiti kumeleta ofisi, viwanja na nyumba mpya. Kila ujenzi unahitaji msingi, kifusi na changarawe, na kila shimo la changarawe ni uchimbaji usio na lebo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na urithi wa utamaduni huingizwa katika tathmini hizo. Sheria ya Mambo ya Kale, kwa upande wake, inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Lakini sheria haina macho. Hufanya kazi pale tu panapokuwa na mtu anayeweza kusimama mbele ya mtambo wa kuchimbia, akatazama ukingo wa shimo na kusema kwamba ule mstari mweusi wenye vigae ni sakafu ya makazi. Mtu huyo aidha amejifunza hivyo uwandani, au hayupo. Tena, miradi midogo, kama choo cha kaya, kisima au shimo la kifusi cha barabara ya kijiji, haifikiwi na tathmini hizo. Huko mlinzi wa kwanza ni mwanakijiji mwenyewe.

Kutokana na hali hiyo, mambo mawili yanahitaji kuzingatiwa. La kwanza ni muda. Stadi zilizoelezwa katika makala hii hukomaa kwa kurudiarudia. Mwanafunzi aliyeshuhudia shimo moja likichimbwa na wenzake amepata picha ya kazi. Hajapata kazi yenyewe. Idadi ya wanafunzi inapoongezeka na siku za uwandani zinapopungua, kishawishi ni kuhesabu mahudhurio na kuyaita ujuzi. Gharama ya kufanya hivyo italipwa na tabaka zitakazoondolewa na wahitimu ambao hawakuwahi kuachiwa kuchora upande wa shimo wao wenyewe, wakakosolewa na kuchora tena.

La pili ni nafasi ya vijana wa vijiji husika. Ikiwa kijana wa Bungu anaajiriwa kuchekecha udongo kwa wiki kadhaa, kisha anaondoka na ujira bila kuelezwa alichokuwa akikitafuta, basi mgawanyo wa kazi wa enzi za ukoloni umerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii ukiendeshwa na wenyeji wenyewe. Kinyume chake, kijana aliyeoneshwa tofauti kati ya kigae chenye mifuo na kigae cha kawaida, na akaelezwa ampelekee nani taarifa, atabaki kijijini baada ya basi la chuo kuondoka. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Bungu ina mahame, ina wazee wanaoyajua na ina vijana wanaoilima ardhi hiyo kila msimu. Kinachohitajika ni mafunzo yanayowaunganisha na wanafunzi wa chuo.

8. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mafunzo ya uwandani ya akiolojia kusini mwa Dar es Salaam yalikuwa sehemu ya mabadiliko makubwa katika uandishi wa historia ya Pwani. Kabla yake, mahali pa kuchimba palichaguliwa kwa kufuata mawe, na mawe yaliwaelekeza watafiti kwa wageni. Mafunzo ya Mkiu mwaka 1987 na 1988, pamoja na tafiti za Limbo na Mkukutu, yaliielekeza kazi hiyo kwenye mashamba na vichaka, ambako makazi ya wakulima na wafua chuma wa kale yalikuwa yamelala chini ya miguu ya wakulima wa leo.

Imeoneshwa pia kwamba mijadala mikubwa ya kitaaluma, iwe ya Chami na Horton juu ya asili ya vyungu au ya shanga za Mkukutu na mahali pa Rhapta, hupimwa kwa ubora wa kumbukumbu zilizoandikwa kando ya shimo. Kwa hiyo kumfundisha mwanafunzi kupima kina, kuandika lebo na kuzungumza na mwenye shamba ni kuandaa ushahidi ambao wanahistoria wa kesho watabishania. Kwa Bungu na Kibiti kazi hiyo ina haraka yake, kwa kuwa barabara, viwanja na mashimo ya changarawe havitasubiri ramani ya mahame ikamilike. Ramani hiyo inaweza kuanzwa msimu ujao wa kilimo, wakati ardhi imelimwa na vigae vinaonekana, kwa mstari mmoja wa wanafunzi na vijana wa kijiji wakitembea pamoja.